Kutunza pikipiki ya traiali na kuchagua buti zake, hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia kijana aliyenunua pikipiki ya traiali iliyokwisha kutumika. Injini safi, cheni nzuri, lakini breki ya nyuma ilikuwa inabonyea tu bila kushika, na miguuni alivaa buti za motokrosi, yaani za mbio za pikipiki kwenye njia za vumbi na matope. Kila alipopanda jiwe alikuwa anaanguka, akadhani tatizo ni yeye. Breki na buti nitavieleza kwa kirefu, mengine nitayapitia mbiombio.

Kwa asiyeujua mchezo huu: hakuna anayeshindana kwa kasi. Unapita juu ya miamba na magogo umesimama kwenye vikanyagio. Ukigusa chini kwa mguu mara moja unaandikiwa pointi 1, mara mbili 2, mara tatu au zaidi 3, na ukishindwa kupita 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Pikipiki yenyewe haina kiti cha maana na ina uzito wa kilo 70 hivi. Kwa kuwa mwendo ni wa kutambaa, kasoro ambayo pikipiki ya barabarani ingeificha, hapa inajitokeza palepale.

Hatua ya 1: Osha

Ndoo, brashi, sabuni. Ziba ekzosi kwanza. Mashine ya presha iache, maana maji yake yanapenya kwenye beringi na kwenye linki za shokapu ya nyuma. Linki hizo zinakaa chini kabisa, kwenye matope, na watu huzisahau mpaka zishikane kwa kutu. Pikipiki ukiinunua mkononi mwa mtu, zifungue na kuzipaka grisi kabla hujagusa kitu kingine.

Hatua ya 2: Filta ya hewa

Ni ya sponji, na nyingi ziko chini ya madigadi ya nyuma, kwa hiyo maji na tope vinaifikia kirahisi. Ioshe kwa dawa yake au kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Petroli siipendi kwa kazi hii, inalegeza gundi ya sponji. Ikamue kwa kuibana viganjani, usiisokote, itachanika. Ikikauka kabisa, ipake oili ya filta mpaka rangi ienee sawasawa, kisha ukingo wake upake grisi kidogo uzibe vizuri.

Hatua ya 3: Oili na klachi

Injini ya tustroki inataka mchanganyiko wa petroli na oili kwa uwiano ulioandikwa kwenye kitabu chake, si uwiano wa rafiki yako. Oili ya gia ni chache, haifiki lita, na ndiyo hiyohiyo inayoogesha klachi, basi imwage mapema ungali unaiona safi. Kabla ya kuwasha pikipiki iliyolala, ingiza gia, bana klachi, isukume mbele na nyuma mpaka sahani za klachi ziachane. Usipofanya hivyo inaweza kuruka mbele ukiingiza gia ya kwanza.

Hatua ya 4: Upepo

Nyuma psi (kipimo cha presha ya upepo) 4 hadi 5, mbele 6 hivi. Ndiyo, ni kidogo mno, na ndiyo maana tairi inalifumbata jiwe. Geji ya magari haina kazi hapa: kwake psi 4 na psi 7 ni sindano ileile iliyolala. Nunua geji ya presha ndogo inayoishia 15. Usipende kuipeleka pikipiki barabarani kwa kasi ukiwa na upepo huo.

Hatua ya 5: Kutoa hewa kwenye breki ya nyuma

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima.

Kwanza soma kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki. Kikiandikwa DOT 4 (aina ya mafuta ya breki), tia DOT 4 kutoka chupa mpya, kwa sababu iliyokaa wazi imeshanyonya unyevu. Baadhi ya pikipiki za traiali zina klachi inayotumia mafuta ya madini wakati breki zake zinatumia DOT. Ukivichanganya, sili zinafura na kuharibika, na hapo hutoi hewa tena, unanunua vipuri. Andika kwa kalamu juu ya kila kifuniko, hata kama wewe ni mzoefu.

Pili, kabla ya kufungua chochote, bonyeza pedali kwa kidole cha mkono. Lazima icheze kidogo, milimita chache, kabla ya kuanza kusukuma. Isipocheza, pistoni ya masta (pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki) hairudi mpaka mwisho na kile kitundu cha kurudishia mafuta kinabaki kimezibwa. Utatoa hewa mpaka jioni na haitatoka, na ukiwa njiani mafuta yakipata moto yanatanuka na breki inajikamata yenyewe. Rekebisha fimbo ya kusukumia kwanza.

Sasa sababu ya ugumu wenyewe. Masta ya nyuma ni ndogo, na kila ukibonyeza pedali inasukuma mafuta kiduchu. Kiputo cha hewa kinashuka kidogo, halafu kinapanda tena kabla hujabonyeza mara ya pili. Basi achana na kupampu kutoka juu. Sukuma mafuta kutoka chini:

- Toa pedi uziweke mbali. Pedi iliyonyonya mafuta ya breki itupe, usijidanganye kuichoma.
- Rudisha pistoni za kalipa (kile kibano cha gurudumuni kinachobana pedi) ndani kabisa, kisha weka kipande cha mbao katikati zisichomoke.
- Fungua kalipa kutoka kwenye mkono wake, ishike hivi kwamba nipo ya kutolea hewa (skrubu ndogo yenye tundu) iwe ndiyo sehemu ya juu kabisa.
- Jaza bomba la sindano, lichomeke mpira mwangavu, toa hewa iliyomo, kisha uuvike kwenye nipo.
- Legeza nipo robo mzunguko, sukuma polepole. Gongagonga mpira wa breki kwa mpini wa bisibisi, utaona viputo vikitokea kwenye kikopo cha juu.
- Vuta yanayozidi kwa bomba la pili kabla hayajafurika. Yakimwagikia rangi, mwagia maji mara moja.
- Funga nipo ndipo uvue mpira.

Usijaribu kuvuta kwa bomba badala ya kusukuma. Hewa inapita kwenye nyuzi za nipo, nawe utaona viputo visivyoisha ukidhani mfumo umejaa hewa.

Pedali ikibaki laini kidogo, ifunge kwa kamba ikiwa imebonyezwa, uiache usiku kucha. Asubuhi ifungue na uitikise taratibu. Mara nyingi hiyo inamaliza. Isipomaliza, angalia washa za shaba kwenye boliti zinazofunga mpira wa breki.

Hatua ya 6: Buti

Buti za motokrosi ni ngumu kwa sababu zinakinga ajali za kasi. Kwenye traiali unahitaji kifundo kinachokunjika, kwani unashuka na kusukuma pikipiki mlimani, na breki unaibonyeza kidogokidogo, kwa kipimo. Soli iwe ya mpira laini wenye meno, ishike jiwe lililolowa, lakini katikati iwe na ugumu, la sivyo vikanyagio vitakuumiza nyayo. Buti za kupandia milima hazitoshi: hazikingi muundi, na kamba zake hunasa.

Jaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazovaa. Simama kwenye ukingo wa ngazi ukikanyaga kwa katikati ya wayo, kunja magoti mpaka muundi uegemee mbele. Kisigino kisiinuke, vidole visigonge mbele. Ngozi itatanuka upana, haitaongezeka urefu. Angalia pia unene wa ncha, kwani lazima ipite chini ya mkono wa gia, ambao kwenye pikipiki hizi umewekwa mbele sana ili usiuguse kwa bahati mbaya.

Bitana ya kuzuia maji mimi siitaki. Inafaa mpaka maji yaingie kwa juu, kisha hayatoki. Ngozi nene iliyopakwa nta inanitosha.

Ukibadili buti, soli ikiwa nene kuliko ya zamani, utalazimika kugeuza urefu wa pedali ya breki. Ukiigeuza, pima upya zile milimita chache za kucheza.

Buti zikilowa, toa soli za ndani, zijaze magazeti, ziweke kivulini penye hewa. Usizisogeze karibu na moto, zitapasuka palepale kwenye mkunjo wa kifundo.