Kuziba pancha ya kaiti: kuitafuta, kuiziba na kuirudisha tyubu mahali pake

Usikimbilie kufungua zipu. Kutoa tyubu ya mbele ya kaiti, lile tiara kubwa la kujazwa hewa linalomvuta mtu majini, na kuirudisha ni kazi ya saa kadhaa, na wakati mwingine kilichokuwa kinavuja ni kibomba tu (kile kipira kinachopitisha hewa kutoka tyubu ya mbele kwenda kwenye mbavu) au punje ya mchanga iliyokwama kwenye valvu.

Kwanza tuelewane majina. Tyubu ni mfuko mwembamba wa plastiki ya TPU ulio ndani. Ganda ni kitambaa kigumu cha Dacron kinachoufunika. Tyubu hushika hewa, ganda hushika presha. Anayesahau tofauti hiyo huziba pancha leo na kupasua tyubu kesho.

Hatua ya 1: Ijue inayovuja

Jaza kaiti hadi presha iliyoandikwa karibu na valvu. Nyingi ziko kati ya psi 6 na 10 (psi ni kipimo cha presha). Kama mbavu, yaani tyubu ndogo zinazotoka mbele kwenda nyuma, zinajazwa kupitia tyubu ya mbele, bana kila kibomba kwa kibanio chake ili kila tyubu ijitegemee. Iache ndani ya nyumba kwa muda wa saa 8 hadi 12, kisha iminye kwa vidole: iliyolegea ndiyo unayoitafuta.

Usishtuke ukiiminya alfajiri. Kaiti iliyojazwa psi 7 kwenye joto la nyuzi 30, joto likishuka hadi 18 itasoma karibu psi 6 bila kuwa na tundu lolote. Linganisha sehemu na sehemu. Kama zote zimelegea kiasi kilekile, huenda ni baridi tu.

Hatua ya 2: Povu

Changanya kijiko kimoja cha sabuni ya maji na nusu lita ya maji, tia kwenye chupa ya kupulizia. Lowesha mdomo wa kila valvu, ukingo wake unapokutana na ganda, na ncha zote mbili za kila kibomba. Subiri dakika moja, kwa sababu povu la tundu dogo hukua polepole.

Povu likitoka mdomoni mwa valvu, suuza kile kilimi cha ndani kwa maji baridi ya bomba na ujaribu tena. Likitoka kwenye kiungo cha kibomba, kata kamba ya plastiki iliyokibana, funga mpya, na ugeuze kichwa chake kisisugue tyubu. Likitoka pande zote za valvu kupitia ganda, kitako cha valvu kimebanduka. Hapo hakuna njia, tyubu itoke.

Povu likionekana katikati ya ganda, usiliamini. Hewa ya pancha hutembea kati ya tyubu na ganda, ikatokea kwenye mshono ulio mbali kabisa na tundu.

Hatua ya 3: Kutoa tyubu

Toa hewa yote na utandaze kaiti sakafuni, mbali na mchanga. Tyubu ya ubavu hutokea nyuma, kwenye ncha ya ubavu. Ya mbele huvutwa kupitia zipu ya katikati, baada ya kufungua ncha mbili za mabawa. Piga picha jinsi ncha hizo zilivyokunjwa kabla hujazigusa, maana utalazimika kuzikunja vilevile.

Funga kamba nyembamba kwenye kila mkia wa tyubu, ndefu kuliko njia itakayopita. Sukuma valvu ziingie ndani; zikigoma, zilainishe kwa maji ya sabuni. Vuta taratibu, kamba zibaki ndani ya ganda. Ukisahau kamba, kurudisha tyubu kutakuchukua siku nzima.

Hatua ya 4: Kulitafuta tundu

Jaza tyubu mpaka ichukue umbo, basi. Nje ya ganda haina wa kuizuia. Ukiendelea kupampu hutanuka kama puto na kupasuka. Izamishe majini kipande kwa kipande huku ukiiminya kidogo. Tundu la sindano linaweza kutoa kipovu kimoja kila sekunde chache, kwa hiyo usiwe na haraka. Huna chombo kikubwa? Lowesha mdomo wako wa juu na uupitishe karibu na tyubu. Utausikia upepo ambao vidole havisikii.

Ukilipata la kwanza, endelea hadi mwisho. Kausha, chora duara la wino sentimita 4 kutoka tundu. Wino ukiwa chini ya kiraka, gundi haishiki.

Hatua ya 5: Kiraka

Viraka vya tyubu ya baiskeli viache. Solusheni yake ni ya mpira, na TPU si mpira: kitashika siku mbili kisha kitanyanyuka. Tumia kiraka cha TPU chenye gundi yake, cha mviringo, kinachovuka tundu sentimita 2 kila upande. Kona huanza kubanduka mapema.

Futa kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Asetoni na tina ya rangi huharibu TPU. Tyubu iwe tupu, imelala kwenye meza ngumu bila kuvutwa. Bandua nusu ya karatasi, laza kiraka kuanzia upande mmoja, kisha sugua kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda nje. Weka vitabu vizito juu yake saa 24.

Valvu iliyobanduka: pasha kitako chake kwa mashine ya kukaushia nywele, bandua polepole, ondoa gundi ya zamani yote kwa spiriti. Kabla ya kubandika mpya, tia poda kidogo ndani kupitia tundu, la sivyo gundi itakamata ukuta wa pili wa tyubu. Hakikisha shina linaelekea lilikokuwa.

Hatua ya 6: Nini kilitoboa?

Pima kutoka valvu hadi tundu, pima vivyo hivyo kwenye ganda, kisha papasa hapo kwa ndani. Utakuta punje ya mchanga, kipande cha kombe au ncha ngumu ya uzi. Ganda likiwa limechanika hata sentimita moja, bandika Dacron yenye gundi na uishone kwa zigizagi, tyubu ikiwa bado nje. Bila hivyo presha itaisukuma tyubu kwenye mwanya huo hadi ipasuke.

Hatua ya 7: Kurudisha

Paka tyubu poda, ikunje kwa urefu, ifunge kwenye kamba na uivute. Ukihisi inagoma, usilazimishe, imesokotwa. Mikia ifike hadi ncha kabisa, kisha kunja kama kwenye picha.

Jaza psi 1 au 2, pigapiga ganda kwa kiganja, toa hewa, jaza tena. Valvu ikilala upande, tyubu imevutika: toa hewa na uisogeze, usiinyooshe ikiwa imejaa. Ukiona tyubu inachungulia kwenye ncha ya bawa, acha kupampu papo hapo. Kila kitu kikikaa sawa, ijaze hadi presha kamili, bana vibanio, na uiache tena usiku mzima.