Kuotesha vipandikizi vya mwaloni na miti mingine ya mbao ngumu kwa homoni

Kata tawi kwenye kilele cha mwaloni uliozeeka, lichovye kwenye homoni kali kuliko zote, lichomeke ardhini, na kuna uwezekano mkubwa kwamba litakauka bila kutoa hata mzizi mmoja. Wengi huilaumu dawa. Kinachoamua kwanza ni ujana wa tawi. Homoni huongeza nguvu ya uwezo ambao tawi tayari linao. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye mti mama kabla ya kufika kwenye chupa.

Hatua ya 1: Pata matawi yenye ujana

Mti wa mbao ngumu hauzeeki kwa usawa. Sehemu iliyo karibu na shina la chini hubaki na tabia za uchanga hata mti ukiwa mkubwa, ilhali kilele chake, ingawa kimeota juzi, kina tabia za uzee. Kwenye mwaloni unaopukutisha majani unaweza kuliona hilo kwa macho: majira ya baridi yakifika, matawi ya chini mara nyingi hung'ang'ania majani makavu ya kahawia wakati kilele kiko wazi kabisa. Anza kutafuta huko chini.

Njia ninayoipendelea ni kuwa na miche mama iliyooteshwa kwa mbegu, ikiwa bado na umri wa miaka michache. Ikate ikiwa imelala, yaani imepumzika kukua, ubakize kisiki cha sentimita 10 hadi 15, na machipukizi yatakayotoka ndiyo vipandikizi vyako. Rudia kila mwaka ili isipate nafasi ya kuzeeka. Kama unataka nakala ya mti mkubwa maalumu, tumia maotea yanayochomoza chini ya shina au kwenye kisiki chake.

Kwa aina zilizo sugu sana, zuia mwanga. Kabla macho, yaani vichipukizi vilivyofumba, hayajafunguka, funika kisiki kwa kitambaa cheusi kinachopitisha hewa, acha machipukizi yafike sentimita 5 hadi 10 yakiwa meupe, kisha ondoa kitambaa kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja hivi ili yasiungue. Papo hapo zungushia utepe mweusi sehemu ya chini ya kila chipukizi. Hapo chini ya utepe, gome hubaki laini, na ndipo utakapokata baadaye. Ni kazi ya mikono, lakini kwa mwaloni inalipa kuliko kuongeza dozi.

Hatua ya 2: Kata kwa wakati wake

Mwaloni hukua kwa vipindi: unachipuka kwa kasi, unatulia, kisha unachipuka tena. Subiri utulie. Majani yawe yamefikia ukubwa wake na kuanza kukakamaa. Likunje chipukizi: likipinda tu, bado ni changa mno, likivunjika huku gome likishikilia upande mmoja, chukua mkasi.

Kata asubuhi mapema, urefu wa sentimita 10 hadi 15, na utie mara moja kwenye mfuko wenye unyevu, kivulini. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili au matatu juu, na kama ni mapana yapunguze nusu. Usiyaondoe yote, kwa sababu ndiyo yanayolisha mizizi inayotengenezwa. Halafu, kwa wembe safi, kwangua ukanda mwembamba wa gome wa sentimita 2 upande mmoja wa chini, mpaka uone rangi ya kijani kibichi. Jeraha hilo huipa homoni mlango.

Hatua ya 3: Changanya homoni

Homoni za kuotesha mizizi ni za kundi la auksini, homoni za mmea zinazoanzisha mizizi. Mbili zinazotumika zaidi ni asidi ya indolibutiriki, yaani IBA, na asidi ya nafthaliniasetiki, NAA. Uwezo wao wa kuanzisha mizizi uliripotiwa na Zimmerman na Wilcoxon mwaka 1935. Mimi hutegemea IBA, kwa kuwa haivunjiki haraka kama auksini ya asili ya mmea na haina ukali wa NAA kwa tishu laini.

IBA ya kawaida haiyeyuki vizuri kwenye maji. Iyeyushe kwanza kwenye alkoholi, kisha ongeza maji kiasi kilekile. Chumvi yake ya potasiamu huyeyuka kwenye maji matupu, hivyo inafaa kwa machipukizi laini yanayoungua kwa alkoholi. Hesabu yake ni rahisi: gramu 1 katika mililita 100 ni ppm (sehemu kwa milioni) 10,000. Gramu 0.5 ni ppm 5,000.

Miti inayootesha kwa urahisi hutosheka na ppm 1,000 hadi 3,000. Kwa mwaloni anzia 5,000 na ujaribu hadi 10,000, ukiacha kila mara vichache visivyochovywa ili uwe na cha kulinganisha. Vaa glavu, kaa mbali na moto, andika tarehe kwenye chupa na uihifadhi kwenye friji, gizani.

Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe, chovya sentimita 2 za chini kwa sekunde 5, acha alkoholi ikauke, kisha panda. Usirudishe masalio kwenye chupa.

Jibarelini, homoni nyingine ya mmea, iache kabisa hapa: inarefusha shina na kuzuia mizizi. Saitokinini, nayo ni homoni ya mmea, inaamsha macho, lakini ikiwekwa kwenye kitako cha kipandikizi inapingana na auksini.

Hatua ya 4: Panda na utunze

Tumia perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) iliyochanganywa na mboji ya makumbi ya nazi, au mchanga mkubwa uliooshwa. Maji yapite upesi. Toboa shimo kwanza ili homoni isikwanguke. Chini kuwe na joto la nyuzi 21 hadi 24 za Selsiasi, juu kunyunyiziwe maji laini kama umande, kwa vipindi. Pasipo umeme, sanduku lililofunikwa plastiki kabisa, lenye maji katikati ya kokoto chini na mchanga juu, linafanya kazi vizuri, hasa kwa miti ya kitropiki kama mvule na mkangazi.

Kitako kikiwa cheusi lakini kigumu, na majani bado mabichi, dozi au alkoholi imezidi. Kikiwa cheusi, laini na chenye harufu, tatizo ni maji.

Hatua ya 5: Baada ya mizizi

Mwaloni huchukua takriban wiki 6 hadi 12. Mizizi ikishaonekana, usikimbilie kuhamisha. Penye majira ya baridi, vipandikizi vingi vyenye mizizi mizuri hufa kabla ya mwaka mpya wa ukuaji kwa sababu havikuchipua tena na havikuweka akiba ya chakula. Vipe mwanga wa saa 16 kwa siku na mbolea hafifu mpaka vitoe majani mapya. Ambavyo havikuchipua viache palepale vilipo, vikae baridini bila kuganda, na uvihamishe tu macho yatakapofunguka.