Jinsi ya kutoa madoa meupe ya maji ya chumvi kwenye vioo vya dirisha bila kukwaruza kioo

Habari zenu wadau. Mimi shughuli yangu ni usafi wa vioo na majumba hapa Dar, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili la vioo kuwa na ukungu mweupe au vidoti vidoti vimejazana upande wa chini wa dirisha, umeosha na sabuni, umefuta na gazeti, kioo kikiwa kimelowa kinang'aa unafurahi, kikikauka tu doa hilo hapo. Basi leo naelekeza mwanzo mwisho ufanye mwenyewe nyumbani, na vitu vingi unavyo jikoni tayari.

Ila kwanza ujue unapambana na nini maana hapa ndo wengi wanapotea. Ile sio vumbi na sio mafuta, ni jiwe. Maji ya visima hasa huku pwani, haya tunayoyaita maji ya chumvi, yanapita kwenye mawe ya chokaa na matumbawe, yanabeba kalsiamu na magnesiamu, na kwa vipimo vya wataalamu maji yakizidi miligramu 180 za chokaa hiyo kwa lita moja yanahesabika ni magumu sana. Yakirukia kioo jua linayakausha, maji yanaenda zake kalsiamu inabaki imeganda, kesho inaongezeka nyingine juu yake, mwaka mzima unaisha hivyo. Ni kitu kilekile kinachoganda kwenye koili ya jagi la umeme. Sasa sabuni hata umwage ndoo nzima haiyeyushi jiwe, linaloyeyusha jiwe ni asidi, tena hii hii asidi ndogo ya siki na ndimu inatosha kabisa, ila inataka muda. Watu wanapulizia siki sekunde kumi wanaanza kusugua kwa hasira alafu wanasema siki haifanyi kazi. Inafanya, hujaipa nafasi tu.

Wanaotumia maji ya bomba ya mto Ruvu tatizo hili kwao ni dogo. Wenye visima vya kuchimba, Kigamboni huko, na ndugu zetu wa Dodoma wanaokunywa maji ya visima vya Makutupora, nyie ndo mnajua ninachosema. Kwahiyo mama ukiona vioo vya jirani visafi na vyako vyeupe, angalia kwanza maji yanatoka wapi kabla hujamgombeza dada wa kazi.

VIFAA
Siki nyeupe (wengine mnaita vinega), ile ya chupa ya kawaida yenye asidi asilimia 5. Usitumie ya kahawia, inaacha rangi na harufu. Kama madoa ni ya siku nyingi tafuta unga wa ndimu, unauzwa kwenye maduka ya viungo na ya vifaa vya keki, mimi binafsi naupenda kuliko siki maana hauna harufu na unaupima nguvu mwenyewe. Vingine ni chupa ya kupulizia, tishu ya kawaida ya choo, sponji laini, vitambaa viwili vya maikrofaiba, ile raba ya kufutia vioo yenye mkono, sabuni ya maji, glavu, na wembe mpya wenye kishikio. Wembe tuutaje tu kwa sasa, masharti yake yanakuja.

HATUA YA 1: PIMA DOA
Chukua siki kidogo dondoshea kwenye doa moja kubwa alafu sogeza jicho karibu kabisa. Kama ni chokaa utaona vipovu vidogo sana vinaanza kutoka kwenye ukingo wa doa, pale pembeni ndo penye unene kwasababu tone la maji linapokauka linaacha mzigo mwingi kwenye duara la nje. Pitisha na kucha, utasikia kuna kitu kimeinuka. Hapo furahi, linatoka.

Kama uko karibu na bahari na kioo kina ukungu wa chumvi wa upepo tu, huo unayeyuka na maji matupu, osha na maji safi basi, usipoteze siki yako. Na kama siki haileti kipovu chochote na kucha inateleza kama hakuna kitu ila doa unaliona, hapo kuna uwezekano kioo chenyewe kimeshaliwa, nitaligusia mwisho.

HATUA YA 2: OSHA KAWAIDA KWANZA
Toa wavu wa mbu, fagia reli ya dirisha, osha kioo na sabuni ya maji ili vumbi na mchanga vitoke vyote. Hii hatua watu wanairuka na ndo inayokwaruza vioo, punje moja ya mchanga chini ya sponji inakuchorea mstari usiofutika. Suuza vizuri.

Muda wa kazi pia uangalie. Usifanye kioo kikiwa kinapigwa na jua maana asidi inakauka kabla haijafanya chochote na inakuachia michirizi mipya, madirisha ya mashariki yafanye mchana yakiwa kivulini na ya magharibi uyafanye asubuhi.

Kama dirisha lako ni la alumini la kuslaidi na grili haizuii, nakushauri unyanyue jani lote juu litoke kwenye reli, muwe wawili, mlilaze kivulini juu ya godoro kuukuu au maboksi. Kioo kikilala asidi inatulia juu yake haichuruziki, kazi inakuwa nusu yake.

HATUA YA 3: CHANGANYA
Doa jepesi, siki tupu bila kuongeza maji, ipashe kidogo iwe ya uvuguvugu. Doa sugu, unga wa ndimu vijiko viwili vikubwa kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, koroga mpaka unga uishe wote. Maji yasiwe ya kuchemka, yakiwa ya moto sana asidi ya ndimu na kalsiamu zinaweza kutengeneza unga mwingine mweupe usioyeyuka vizuri, unajikuta umebadilisha doa moja kwa lingine. Na maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima kilekile kilichokuletea shida, tumia ya mvua au ya kunywa ya chupa.

Jamani hapa niseme kitu. Ile ya kuchanganya siki na bekingi soda mnayoiona kila video mtandaoni, inatoa povu zuri la kupigia picha lakini asidi na soda vinauana vyenyewe kwa vyenyewe, kinachobaki ni maji ya chumvichumvi tu. Ukitaka soda itumie peke yake kusugulia baadae, siki itumie peke yake. Na USICHANGANYE asidi yoyote na jiki, hata kidogo, hata kwenye ndoo iliyokuwa na jiki haijasuuzwa, inatoa gesi ya klorini inayoharibu mapafu.

HATUA YA 4: BANDIKA TISHU, SUBIRI
Hapa ndo kazi yenyewe. Kioo kikiwa kimesimama ukipulizia siki inachuruzika yote chini, kwahiyo unabandika tishu kavu kwenye sehemu yenye madoa alafu unaipulizia mpaka ilowe na kushikana na kioo, pitisha mkono wenye glavu utoe hewa isiwe na mikunjo. Juu yake bandika nailoni isikauke. Zamani tungechana mfuko wa rambo lakini toka Juni 2019 imepigwa marufuku, mfuko wa mkate uliochanwa unatosha sana, au nailoni ya kufunikia chakula.

Doa jepesi dakika 15. Doa la miaka, nusu saa mpaka saa nzima, ukiona tishu inakauka ongeza. Kaa ufanye kazi nyingine, usiwe unafunua funua kila saa.

Angalia chini ya dirisha lakini. Kama kizingiti ni cha marumaru ya mawe halisi au terazo au plasta ya sementi, asidi inakula hivyo vitu kama inavyokula doa lako, kwasababu ni chokaa hiyohiyo. Tandika taulo lililoloweshwa maji lidake matone. Fremu ya alumini nayo siki ikiidondokea futa na maji palepale, isikae saa zima hapo, hasa hizi za rangi ya kahawia zinaweza kubaki na mabaka.

HATUA YA 5: TOA
Bandua tishu, usiitupe, iviringishe uisugulie palepale kwa mduara maana bado ina asidi. Alafu sponji laini. Madoa mengi yanaondoka hapa kama uji. Yaliyobaki mwagia bekingi soda kidogo kwenye sponji lililolowa au dawa ya meno nyeupe ya kawaida, sugua taratibu, hizo zina ukali mdogo sana ambao kioo kinauvumilia.

Bado yapo? Rudia hatua ya 4. Usipandishe hasira, rudia. Doa nene linatoka kwa matabaka na kila tabaka linataka muda wake.

Sasa wembe. Kwanza angalia kona za kioo kama kuna muhuri mdogo mweupe umechapwa kwenye kioo, huo unaonyesha kimepikwa, ile glasi ngumu ya milango mikubwa na bafuni. Hiyo usiipitishie wembe, mara nyingi juu yake kuna chembe ndogo zilizogandia kiwandani, wembe unazing'oa na kuziburuta na kioo kinaisha. Kioo chenye tinti ya kubandika nacho usikiguse upande wenye tinti, na hata asidi usiiweke upande huo. Kwa kioo cha kawaida, lowesha na maji ya sabuni yaani kiteleze haswa, laza wembe kama nyuzi 30, sukuma mbele tu, nyanyua, rudi, sukuma tena. Kurudisha wembe nyuma ukiwa umegusa kioo ndo kunakochora. Sikiliza, ukiwa juu ya chokaa wembe unalia kwaru kwaru, palipokwisha safika unateleza kimya, hapo acha hamia pengine. Wembe ukipata kutu au pengo tupa, usionee huruma blade.

HATUA YA 6: SUUZA NA KAUSHA
Suuza maji mengi asidi yote itoke, pamoja na raba za dirisha na reli. Baada ya hapo suuza ya mwisho kwa maji yasiyo na chokaa, na hapa nina siri ya mjini, maji yanayodondoka kwenye bomba la eisii (kiyoyozi). Yale ni mvuke wa hewani uliogeuka maji, hayajagusa ardhi wala jiwe, yakikauka hayaachi doa. Wengi wanayaacha yanamwagika uani. Kinga kwenye ndoo safi, hayafai kunywa lakini kwa vioo hayana mpinzani. Maji ya mvua nayo sawa.

Raba inapita kuanzia juu, kila ukivuta unaifuta na kitambaa kikavu, unamalizia kona na maikrofaiba. Usiache kioo kijikaushe chenyewe.

VITU VYA KUKAA NAVYO MBALI
Stilwaya ya kusugulia masufuria, msasa, dodoki la plastiki ngumu, vyote vinakwaruza. Dawa za kusafishia choo zenye asidi kali, najua kuna mafundi wanazitumia na doa linatoka kweli kwa dakika moja, ila fremu ya alumini inatoboka rangi, reli inaota unga mweupe, na ile hewa yake kwenye chumba kilichofungwa sio mchezo. Kwa nyumba ya mtu sijawahi kushauri.

KUZUIA LISIRUDI
Tafuta maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni springla ya bustani inapiga dirisha kila jioni, igeuze. Au simtanki inajaa na kumwagika ukutani, weka floti. Au kijana anaosha gari na mpira jirani na dirisha la sebuleni. Kuna na hii wengi hawaijui, maji ya mvua yanayoteremka kwenye ukuta wa sementi mbichi au ukingo wa zege yanabeba chokaa ya sementi na kuimwaga kwenye kioo, kwahiyo nyumba mpya inaweza kuwa na madoa hata kama ina maji mazuri, hapo dawa ni kupaka rangi ukuta na kuweka mkondo wa kudondoshea maji mbele ya kioo.

Kioo kikishakauka vizuri paka waksi ya gari upande wa nje, tabaka jembamba, futa ing'ae. Maji yanabingirika badala ya kukaa. Inaisha baada ya miezi kadhaa unarudia.

KIOO KILICHOLIWA
Umerudia asidi mara mbili tatu, hakuna kipovu, kucha inateleza, wembe uko kimya na bado kuna ukungu. Hiyo sio chokaa tena, ni kioo chenyewe kimechakaa kwa kukaa na madoa miaka mingi. Kuna unga wa oksaidi ya seriamu unaopolishiwa na drili yenye kiraka cha feliti, unafanya kazi, ila kwa dirisha zima ni kazi ya siku na ukikazania sehemu moja kioo kinapata moto kinaweza kupasuka, na ukipolishi bila usawa vitu vya nje vinaonekana vimepinda. Kwa dirisha la kawaida muite fundi alumini apime akukatie kioo kipya cha milimita 5, linganisha gharama kwanza, na siku anapokiweka mwambie akipake waksi kabla hajaondoka au upake mwenyewe jioni hiyohiyo.