Komiki adimu za Kanada: hesabu kurasa kabla ya kulipa

Anayeanza kukusanya komiki za zamani za Kanada hupoteza pesa kwa mambo mawili: hajui nakala aliyoshika ni ya aina gani, na hakuhakikisha kwamba kurasa zote zimo. Jalada linalong'aa lisikushughulishe kabla hujamaliza hayo mawili.

Hatua ya 1: Jua unawinda nini

Kundi linalotafutwa zaidi linaitwa Canadian Whites. Desemba 1940 Kanada ilipitisha sheria ya kulinda fedha za kigeni wakati wa vita, ikazuia bidhaa zisizo za lazima kutoka Marekani, komiki zikiwemo. Kuanzia Machi 1941 wachapishaji wa nyumbani waliziba pengo: Maple Leaf kule Vancouver, Anglo-American, Hillborough na Bell Features mjini Toronto, na Educational Projects mjini Montreal. Nyingi zina jalada la rangi na kurasa za ndani nyeusi na nyeupe, na ziliuzwa senti 10. Humo ndimo walimozaliwa mashujaa kama Nelvana wa Adrian Dingle (Triumph-Adventure Comics 1, Agosti 1941) na Johnny Canuck wa Leo Bachle (Dime Comics 1, Februari 1942). Zimekuwa adimu kwa sababu karatasi yake ilikuwa duni, na nyingi ziliishia kwenye ukusanyaji wa karatasi chakavu wakati huohuo wa vita.

Makundi mengine ni matatu. Novemba 1947 uingizaji ulibanwa tena, na wachapishaji wa Toronto wakachapa upya komiki za Marekani. Mmoja wao, Superior, alitoa hata matoleo ya Kanada ya komiki za EC, mchapishaji wa Marekani. Kisha wako wachapishaji huru wa miaka ya 1970, na mwisho matoleo ya Marvel na DC ya miaka ya 1980 yenye bei ya Kanada jaladani. Anza na kundi moja. Bei, kasoro na udanganyifu wa kila kundi ni tofauti, na mwenye kukimbilia yote manne hulipa bei ya mgeni kila mahali.

Hatua ya 2: Tambua toleo

Tafuta jina la mchapishaji na mji katika kurasa za mwanzo, kisha linganisha na katalogi ya bure ya Grand Comics Database. Usitegemee tarehe ya jaladani. Tegemea namba ya toleo pamoja na mchapishaji. Triumph ni mfano mzuri: matoleo 1 hadi 6 ni ya Hillborough, na kuanzia la 7 ni ya Bell. Muuzaji anayekuletea Triumph 3 ya Bell hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Kwa wachapishaji huru, Cerebus 1 (Desemba 1977, Kitchener, Ontario) ina nakala za kughushi. Fungua jalada: upande wa ndani wa nakala halisi haung'ai, wa ile ya kughushi unang'aa. Nje, weusi wa nakala ya kughushi una madoadoa. Captain Canuck 1 (Julai 1975) ni komiki muhimu kihistoria, lakini inapatikana kwa urahisi, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa jina la "adimu".

Kwa Marvel za miaka ya 1980, nakala inayotakiwa iliuzwa kwenye vibanda vya magazeti: ina msimbo wa mistari na bei moja tu, ya Kanada. Amazing Spider-Man 238 (Machi 1983) ya kawaida ni senti 60. Ya Kanada imeandikwa senti 75 peke yake. Ukiona bei kadhaa zimepangwa pamoja, hiyo ni ya maduka ya komiki, siyo unayoitafuta. Tahadhari: senti 75 haimaanishi Kanada kila mahali. Secret Wars 8 (Desemba 1984) ya Marekani ndiyo ya senti 75. Ya Kanada ni dola 1. Na usisahau kufungua hiyo Spider-Man 238, kwa sababu ilitoka na tatuu za kubandika ndani. Zikikosekana, thamani hushuka sana.

Hatua ya 3: Hesabu kurasa

Hapa usifanye haraka. Nawa mikono, ikauke kabisa, kisha laza komiki juu ya meza safi. Usiifungue zaidi ya nyuzi 90, maana karatasi iliyokauka hupasuka kwenye mgongo.

Komiki hizi ni karatasi zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini. Kila karatasi hutoa kurasa 4, kwa hiyo jumla ya kurasa za ndani lazima igawanyike kwa 4. Fungua katikati, penye pini, uhesabu nusu za karatasi upande wa kushoto, kisha wa kulia. Lazima zilingane. Ukipata 15 kushoto na 16 kulia, nusu moja imechanwa, na mwenzake anashikiliwa na pini tu au na gundi.

Hesabu hiyo ina tundu moja. Karatasi nzima ikitoka, hasa ile ya katikati, pande zote mbili hupungua sawasawa na hesabu bado italingana. Kwa hiyo soma hadithi zinazovuka katikati: mazungumzo yakiruka, kuna karatasi haipo. Kwa Bell Features, Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada ina mkusanyo mkubwa, na matoleo mengi yamewekwa mtandaoni. Linganisha ukurasa kwa ukurasa.

Tazama pia nyuma ya matangazo. Watoto walikata kuponi za zawadi, na kila kuponi iliyokatwa imeondoka na kipande cha hadithi ya upande wa pili. Kasoro nyingine ya Whites ni rangi: ukurasa mweupe ulikuwa mwaliko kwa mtoto mwenye kalamu za nta. Usijaribu kuzifuta. Kifutio huondoa nyuzi za karatasi kabla ya nta.

Hatua ya 4: Tafuta marekebisho yaliyofichwa

Zima taa, washa tochi ya mwanga wa urujuanimno ya nanomita 365. Karatasi ya gazeti ya 1942 hubaki na rangi iliyofifia. Kipande kinachowaka buluu-nyeupe kina kemikali za kung'arisha ambazo zilienea kwenye karatasi baada ya vita, yaani kimepachikwa baadaye. Gundi na rangi ya kupaka nazo huonekana tofauti na eneo linalozizunguka.

Kingo nyeupe na zilizonyooka mno, ilhali kurasa za ndani ni za kahawia, maana yake zimekatwa upya. Pima upana juu na chini kwa rula. Matundu ya ziada karibu na pini, au pini zinazong'aa kwenye karatasi yenye alama ya kutu, yanaonyesha komiki ilifunguliwa.

Nakala iliyofungwa kwenye kasha la CGC, kampuni inayokagua komiki na kuzipa daraja la ubora, isomwe lebo kwanza: zambarau ni iliyorekebishwa. Kijani huwapumbaza wengi, kwani daraja lake limetolewa kana kwamba kasoro moja kubwa iliyotajwa haipo.

Hatua ya 5: Bei na safari

Whites huuzwa mara chache, hivyo bei anayotaka muuzaji si ushahidi wa chochote. Tafuta mauzo yaliyokamilika, kwa mfano kumbukumbu za minada ya Heritage, pamoja na idadi ya nakala zilizosajiliwa CGC. Nakala kamili yenye jalada chakavu ni bora kuliko nzuri isiyo na karatasi ya katikati.

Mwambie muuzaji aibane kati ya vipande viwili vya boksi, mistari ya ndani ya kimoja ikikatana na ya kingine, ili kifurushi kisikunjike upande wowote. Utepe usiguse mfuko wa komiki.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Tumia mfuko wa poliesta, siyo wa PVC, na ubao usio na asidi nyuma yake. Simamisha komiki kwenye boksi bila kubana, gizani, joto lisizidi nyuzi 21 na unyevu uwe kati ya asilimia 35 na 50. Kwa mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam unyevu ndio adui mkubwa: weka boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pakiti za silika na kipima unyevu kidogo ndani, uinue boksi kutoka sakafuni. Kipimo kikipita 55, kausha silika kwenye oveni kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti, iache ipoe kabisa, ndipo uirudishe.