Nairobi mpaka New York ni masaa mangapi? Piga hesabu mwenyewe

Mtu akiona tiketi imeandikwa kuondoka Nairobi 00:00, kutua New York 08:00, anasema aah, kumbe masaa nane tu. Hapana bwana, hiyo nane ni saa ya New York, hewani unakaa kama masaa 15.

Anza na umbali. Fungua Google Maps kwenye kompyuta, bonyeza kulia juu ya Nairobi, chagua kupima umbali halafu bonyeza New York, itakuletea kama kilomita 11,800. Usipime kwa rula kwenye ramani ya ukutani manake dunia ni duara na ramani imenyooshwa, mstari wa rula utakutoa baharini huko Mauritania wakati njia fupi ya kweli inapanda juu zaidi, inakata Sahara na kuingia Atlantiki kwenye pwani ya Moroko. Na ndege haifuati huo mstari kama treni, inakwepa hali ya hewa na anga zilizofungwa, kwahiyo umbali unaongezeka kidogo.

Sasa muda. Boeing 787, ndo ndege ambayo Kenya Airways walianza nayo safari ya moja kwa moja Oktoba 2018, inakimbia kama kilomita 900 kwa saa. 11,800 gawa kwa 900 unapata masaa 13 na ushee. Weka nusu saa hivi ya kutambaa uwanjani, kupaa na kushuka. Bado haijafika 15, si ndio? Iliyobaki ni upepo. Kule juu, kilomita kama 10, unavuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni, ndo maana kurudi ni kama masaa 14.

Hapa kwenye saa ndo wengi wanachanganyikiwa. New York iko nyuma yetu masaa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba, miezi mingine ni 8 (wenzetu wanarudisha saa nyuma, sisi hatuna hayo mambo). Ukitoka Nairobi saa sita usiku mwezi wa saba, jumlisha 15, ni saa tisa mchana ya nyumbani, toa 7, unatua saa mbili asubuhi. Kurudi unajumlisha: toka New York saa sita mchana, weka 14, weka 7, unafika saa tatu asubuhi kesho yake. Ile +1 ndogo kwenye tiketi ndo hiyo, mwambie anayekuja kukupokea asije siku moja kabla.

Wa Dar ukipitia Doha ni kama masaa 6 halafu 14, unazunguka zaidi ya kilomita 2,000 za ziada, na hapo hujaweka kusubiri. Angalia hayo masaa ya kusubiri kabla hujalipia, tiketi ya bei chee mara nyingi inakulaza kwenye viti vya uwanja.