Fedha za Utafiti wa Uzamivu Uwandani: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujatia Saini Mkataba

Soma masharti ya mfadhili yote, hasa sehemu ya gharama zisizolipwa. Fedha nyingi za uwandani hazigusi ada ya masomo. Wenner-Gren, wanaofadhili utafiti wa anthropolojia, hawalipi gharama za uendeshaji za chuo. Kama chuo chako hukata asilimia kwa kila fedha ya utafiti inayopita kwake, pata msamaha wa maandishi kabla ya kutuma maombi. Hakikisha pasipoti haikaribii kuisha. Bima igharimie kusafirishwa kwa dharura ya matibabu. Usiingie kwa viza ya utalii kwenda kukusanya data.

Sasa vibali, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Mfadhili hatoi fedha mpaka aone kibali cha utafiti. Ofisi ya vibali (NACOSTI kwa Kenya, COSTECH kwa Tanzania, UNCST kwa Uganda) inataka kwanza kuona kibali cha maadili, yaani idhini kwamba utafiti unalinda haki za washiriki. Kamati ya maadili nayo inataka barua ya taasisi mwenyeji, na mara nyingi uthibitisho kwamba utafiti una fedha. Kila mlango unamsubiri mwenzake ufunguke, na wewe mkataba wako unahesabu siku.

Chukua mfano wa fedha za miezi 12 kuanzia tarehe 1 Septemba. Mwanafunzi anapata barua ya tuzo Julai, anafurahi, anaanza maombi ya maadili Agosti. Kamati hukutana mara moja kwa mwezi. Akichelewa siku mbili kuwasilisha, mwezi umekwenda. Kikao kinachofuata kinamrudishia andiko kwa sababu fomu ya ridhaa haikutafsiriwa kwa lugha ya watakaohojiwa. Kibali cha maadili kinatoka Desemba, cha utafiti Februari. Bado barua za mkoa na wilaya. Anafika kijijini Machi, mvua zimeanza, barabara hazipitiki. Agosti mkataba unakwisha, nusu ya fedha haijatumika, na mfadhili anaidai irudi.

Kwa hiyo anza maombi ya maadili wiki ileile unayotuma maombi ya fedha, usingoje matokeo. Ukifaulu, omba barua ya tuzo yenye masharti, inayosema fedha zimetengwa na zitatolewa vibali vikipatikana. Hiyo ndiyo ya kuipelekea kamati. Omba pia awamu ya kwanza ndogo itoke mapema kwa ajili ya ada za vibali. Tarehe ya kuanza iandikwe kuwa ni baada ya vibali. Ukiona muda unakubana, omba nyongeza ya muda bila nyongeza ya fedha miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha. Wiki ya mwisho hakuna atakayekusikiliza.

Bajeti ya unukuzi, yaani kuyaandika mahojiano yaliyorekodiwa, hupunjwa karibu kila mara. Saa moja ya mahojiano huchukua saa nne hadi sita kunukuu, kwa hiyo mahojiano 40 ya saa moja moja ni saa 160 hadi 240 za kazi, na tafsiri ni juu ya hapo. Watafiti wasaidizi wawekewe ujira, nauli na bima. Wanapita barabara zilezile unazopita wewe. Kama fedha zinakuja kwa sarafu ya kigeni, kadiria kwa kiwango cha tahadhari, maana kuna miezi mingi kati ya kuandika bajeti na kununua mafuta.

Halafu stakabadhi. Mhasibu atataka jina, saini na namba ya simu ya kila aliyepokea posho, wakati wewe umewaahidi washiriki kwamba majina yao hayatajulikana. Usiliache jambo hili hadi siku ya kurejesha masurufu, yaani kutoa hesabu ya fedha ulizokabidhiwa. Kabla hujaondoka, pata idhini ya maandishi kutoka ofisi ya fedha kwamba washiriki wataandikwa kwa namba badala ya majina, na orodha ya majina itabaki kwa msimamizi wako. Kubalianeni pia hati gani itumike pale pasipo na risiti, kama kwa bodaboda au kiongozi wa njia.

Wanaokusanya mimea, vijidudu au damu wana kazi ya ziada. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa mwaka 2010 ulioanza kutumika 2014, inataka kwa rasilimali za kijenetiki (kama mimea na vijidudu) idhini ya nchi husika na makubaliano ya kugawana manufaa. Damu ya binadamu haimo, lakini ina taratibu zake za maadili na usafirishaji. Usilipie usafirishaji wa sampuli kabla ya karatasi hizo kukamilika.

Na usiondoke bila akiba yako ya miezi miwili, kwa kuwa awamu ya pili huchelewa. Tembea na nakala za vibali vyote. Nakala nyingine aachiwe mtu anayepatikana kwa simu. Fedha taslimu usiziweke mahali pamoja, na data ihifadhiwe nakala kila jioni, umeme ukiwepo.