Ukiwa na rafiki Italia, achana kidogo na Roma na Venezia

Kama una rafiki Mwitaliano usimwulize "niende wapi", muulize wikendi yeye na familia yake huwa wanaenda kula wapi, hapo ndo utasikia majina ya miji midogo kama Ascoli Piceno au Sulmona. Ascoli ni ya kuanzia kabisa, mji umejengwa kwa jiwe la travertino, unashuka treni ya pwani San Benedetto del Tronto unabadilisha ya ndani, ukifika kaeni Piazza del Popolo mle zile zeituni zilizojazwa nyama zikakaangwa, aisee tamu balaa! Sulmona nayo ni mji wa confetti, lozi zilizopakwa sukari wanazogawa harusini.

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongeshe muhuri kwenye mashine kabla hujapanda, la sivyo faini. Mkienda na gari msiingie penye kibao cha ZTL, yaani eneo la magari yenye kibali tu, kamera zipo. Mchana maduka mengi madogo hufungwa so fikeni asubuhi. Na muombe rafiki akuulizie sagra, sherehe za chakula za kijijini, matangazo yake mara nyingi yanabandikwa ukutani tu.